Wapo Wanaotaka Waya za Meno Ambao Hawapaswi Kufungwa

Tuseme mzazi wa Urambo amelipwa pesa yake ya tumbaku. Amempandisha bintiye basi, wamepita Tabora mjini, wakapita Nzega na Shinyanga, mpaka Mwanza kwa bingwa wa kupanga meno. Pesa ya kuanzia anayo. Binti anazitaka waya, tena anazitaka tangu kidato cha pili. Bingwa anamkagua, anampiga picha ya taya, anauliza maswali mawili matatu, kisha anasema: "Kwa sasa sitamfunga."

Kwetu huku jibu hilo lina maelezo mawili tu. Ama daktari anataka cha juu, ama kazi haijui. Mzazi atatoka amenuna, na kabla hajafika stendi atakuwa ameshaelekezwa kwa daktari mwingine asiyeuliza maswali. Mimi naona kuna wagonjwa ambao kwao hilo "sitamfunga" ndiyo dawa ya kwanza kupewa tangu waanze kuhangaika. Na daktari wa meno, apende asipende, mara nyingi ndiye mtaalamu wa kwanza wa afya kukutana nao. Kliniki ya afya ya akili hawaendi. Waende kufanya nini, ilhali wanaamini kabisa kwamba shida iko kwenye jino?

Ninaozungumzia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aone kasoro kubwa mwilini mwake pale ambapo wengine hawaoni kitu, au wanaona kitu kidogo kisicho na uzito. Daktari wa Kiitaliano, Enrico Morselli, aliueleza mwaka 1891 akauita dismofofobia. Wamarekani waliuingiza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Mwaka 2013 wakauhamishia kwenye kundi moja na ule ugonjwa wa mtu anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka, au anayeamka usiku mara kumi kukagua kama mlango umefungwa. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka kundi hilo hilo katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kuhamishwa huko kuna uzito wake. Wataalamu wanasema kiini cha ugonjwa ni wazo linalong'ang'ania na kumlazimisha mtu atende jambo ili litulie, na akishatenda halitulii.

Kwa mtu ambaye wazo hilo limekaa mdomoni, matendo yenyewe yanaonekana kirahisi ukishajua pa kutazama. Anacheka mdomo ukiwa umefungwa, au mkono unapanda kabla kicheko hakijatoka. Kama ni dereva wa bodaboda, kioo cha pikipiki ambacho kazi yake ni kuonyesha lori linalokuja nyuma kimegeuzwa kimtazame yeye, na kila abiria akishuka anajikagua. Akipiga picha anapiga thelathini, anakuza moja baada ya nyingine mpaka skrini yote imejaa jino moja, kisha anafuta zote. Anapitisha ulimi kwenye lile jino mchana kutwa, kama anayetafuta mwiba wa samaki. Barakoa za wakati wa Uviko zilipoachwa na kila mtu, yeye alibaki nayo, akisema ana mafua. Na anauliza. Anamuuliza dada yake, rafiki yake, mama yake: "Hebu niangalie vizuri, hili halijageuka?" Akijibiwa kwamba liko sawa anapumua kidogo, halafu baada ya dakika kumi anauliza tena, safari hii akiwa amesimama karibu na dirisha ili mwanga uwe mzuri.

Huyu si mtu anayejipenda kupita kiasi. Nalisisitiza hilo kwa sababu neno la kwanza litakalomtoka mjomba ni "usharobaro". Sharobaro anapenda kutazamwa. Huyu anaweza kuacha kwenda mahafali yake mwenyewe ili asitazamwe.

Sasa, ni wangapi? Katika jamii kwa jumla ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu mmoja hadi watatu katika kila mia, wanaume wakikaribiana na wanawake. Kwa wanaotafuta kupangwa meno idadi inaelekea kupanda. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 uliwahoji watu wazima 40 waliofika kwa ajili ya waya. Watatu walionyesha dalili, yaani asilimia 7.5. Utafiti wa Iran wa mwaka 2014 uliangalia wagonjwa 270 ukapata asilimia 5.5. Watatu kati ya arobaini ni msingi mwembamba wa kujengea nyumba, nakubali, na dodoso peke yake halimthibitishi mtu kuwa mgonjwa. Linaonyesha tu nani akae na mtaalamu wa akili kwa mazungumzo marefu zaidi. Lakini hata ukichukua ile idadi ya chini ukaipunguza kidogo, daktari anayepokea wateja wapya ishirini wa waya ategemee kwamba mmoja wao anaweza kuwa huyo. Suala la mgonjwa mmoja adimu wa kusimuliwa kwenye mikutano limekwisha hapo.

Umri nao unaleta balaa la aina yake. Ugonjwa huu huanza zaidi katika ujana, mara nyingi miaka 12 au 13, na karibu theluthi mbili ya wenye nao walianza kabla ya kufikisha miaka 18. Huo ndio umri ambao meno ya utu uzima yamekamilika, shule ya bweni imeanza, utani wa wenzao una makali, na mzazi akiwa na uwezo anaona huu ndio wakati wa kumfunga mtoto waya. Vitu viwili tofauti kabisa vinafika mlango mmoja kwa wakati mmoja. Haja ya waya ikiingia, ugonjwa huingia nyuma yake bila kuulizwa jina.

Nirudi kwenye macho ya watu, maana hapa ndipo wengi hubisha. Mzazi atasema: mwanangu anaona kasoro kwa sababu kasoro ipo, hata mimi nikitazama sana naiona. Sawa. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichukua picha za tabasamu, wakawa wanausogeza ule mstari wa katikati ya meno ya mbele ya juu kidogo kidogo kwenda pembeni. Wakawaonyesha mabingwa wa kupanga meno, madaktari wa kawaida wa meno, na watu wasio wa fani hiyo. Mabingwa waliiona picha imeharibika mstari ulipohama milimita 4. Madaktari wa kawaida na wale watu wengine hawakushtuka hata hapo. Milimita 4 ni karibu nusu ya upana wa jino la mbele la juu! Kwa hiyo kijana anayelia kwa ajili ya nusu milimita analilia kitu ambacho abiria mwenzake ndani ya daladala hawezi kukiona hata akilipwa. Hilo ukimwambia halimsaidii, na nitaeleza kwa nini. Linamsaidia daktari: likimjia jambo ambalo yeye mwenyewe analitafuta kwa kioo kidogo na bado halioni, ajue kipimo anachohitaji sasa hakimo kwenye trei ya vifaa.

Tabora ina sababu ya kuielewa habari hii kuliko miji mingi. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta nchi yenye mawazo yake kuhusu meno. Habari za Unyamwezi za zama hizo zinaeleza jinsi watu walivyochonga kona za ndani za meno mawili ya mbele ya juu mpaka ikabaki nafasi ya pembetatu. Ilikuwa alama yao na uzuri wao. Leo kitukuu wa mtu yule yule anatafuta pesa ya kuuziba mwanya aliozaliwa nao, ambao babu yake angeupata kwa kuchongwa huku amekaza macho. Nimesikia watu wakitumia historia ya namna hii kusema kwamba haya yote ni fashoni ya kuiga, yatapita. Mimi naisoma kinyume. Uzuri wa meno hubadilika kila baada ya vizazi vichache, lakini mgonjwa wetu hana ugomvi na uzuri wa zama zake. Angeishi mwaka 1857 angekuwa anahangaika kwamba ile pembetatu yake imepinda upande wa kushoto. Morselli aliandika habari zake mwaka 1891, hakuna simu, hakuna matangazo ya tabasamu jeupe, na wagonjwa alikuwa nao.

Simu haikuzaa ugonjwa, ila inaulisha. Ukijipiga picha kwa mkono, kamera ikiwa kama sentimita 30 kutoka usoni, sura inapotoka: mahesabu yaliyochapishwa Marekani mwaka 2018 yalionyesha pua kuonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kwa mita moja na nusu. Chochote kilicho mbele ya uso kinavimba hivyo hivyo, pamoja na meno yaliyotokeza kidogo. Tena simu nyingi zikihifadhi picha huigeuza, kushoto kukawa kulia, kwa hiyo mtu anaona sura ambayo si ile aliyoizoea kwenye kioo cha bafuni, na kila kilichopinda kinaonekana kimepinda zaidi. Mtu mwenye afya anasema picha mbaya, anaifuta, anakwenda kunywa chai. Yule mwingine anachukua ushahidi.

Wanyamwezi na utani nao siwezi kuuruka. Watu waliobeba mizigo kutoka bara hadi pwani karne nzima walijenga utani na makabila mengi njiani, na mpaka leo mtani anaweza kukuambia jambo kuhusu meno yako msibani, watu wakacheka, na wewe ukamrudishia la kwake. Utani ule ulikuwa na mwenyewe, na ulikuwa na zamu. Maneno yanayoandikwa chini ya picha ya binti wa shule hayana mtani wa kurudishiwa. Wengi wa wenye ugonjwa huu wanakumbuka kudhihakiwa utotoni. Kudhihakiwa peke yake hakutoshi kumpa mtu ugonjwa, la sivyo nusu ya waliosoma bweni tungekuwa nao.

Hapa naomba nisieleweke vibaya, kwa sababu hatari ya upande wa pili ni kubwa hata kuliko hii. Tukishaanza kulijua jina la ugonjwa, tutaanza kulibandika kwa kila anayetaka meno yanyooke. Mtoto ambaye meno ya juu yametokeza mpaka midomo haifungi hana ugonjwa wa akili. Ana meno yanayoweza kuvunjika akianguka, na kuyapanga ni tiba. Mwenye meno yaliyopandana mpaka mswaki haufiki, mwenye taya zisizokutana akashindwa kukata muhindi wa kuchoma, aliyezaliwa na mdomo sungura: hao wanastahili bingwa, na wengi wao mkoani kwetu hawatamwona maishani. Mabingwa wana kipimo cha haja ya matibabu kilichotengenezwa Uingereza mwaka 1989, chenye madaraja matano ya afya ya meno na picha kumi za mwonekano. Kwa hiyo ukubwa wa tatizo la meno unapimika. Na hata mtu ambaye tatizo lake ni dogo ana haki ya kutaka uzuri. Binti anayesema "mwanya wangu siupendi, nataka uzibwe kabla ya harusi", kisha akaenda kazini, akacheka na wenzake, akala na kulala, huyo ni mteja kama mteja mwingine. Anayetakiwa kusimamishwa kwanza ni yule ambaye jino dogo limekula siku nzima.

Kwa nini asifungwe tu, aridhike, yaishe? Kwa sababu haridhiki. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wagonjwa 200 wenye ugonjwa huu walieleza mwaka 2010 kwamba katika matibabu ya urembo ambayo baadhi yao walikwisha kufanyiwa, ni asilimia 2.3 tu ya matibabu hayo yaliyoleta nafuu ya kudumu katika ugonjwa wenyewe. Utafiti huo ulihusu zaidi upasuaji na sindano, lakini mantiki ya waya ni mbaya zaidi kwa mgonjwa wa namna hii. Upasuaji ni wa siku moja. Waya ni miezi 18 hadi 24 kwa kawaida, na kila wiki nne hadi nane unarudi kukazwa. Umemchukua mtu ambaye shida yake ni kushindwa kuacha kuutazama mdomo wake, ukampa miaka miwili ya kuutazama mdomo wake kwa amri ya daktari. Kila safari anapewa kioo ashike. Jino alilolilalamikia likinyooka, la pembeni yake linaanza. Meno yakiisha, inakuja fizi, halafu kidevu. Anadai waya zisitolewe bado, au anadai zitolewe leo. Na akishavuliwa anapewa kifaa cha kuvaa usiku ili meno yasirudi, ambacho kwake kinakuwa sababu mpya ya kukesha.

Meno nayo yanalipa. Jino linaposukumwa, mzizi wake unaweza kufupika. Pembeni ya vile vibati vinavyogandishwa kwenye meno ili kushika waya, kama usafi ni hafifu, hubaki madoa meupe ya jino lililoanza kuliwa. Fizi zinaweza kushuka. Kwa mtu mwenye haja ya kweli, hizo ni gharama zinazokubalika. Kwa mtu ambaye faida yake ni sifuri, ni hasara tupu, na juu yake kuna nauli ya Mwanza au Dar mara kwa mara kwa miaka miwili.

Akikataliwa kwa jeuri, mahangaiko yake yanageukia kwingine. Kuna hii ya rababendi. Kijana anaona video, anachukua kiraba kidogo cha kufungia nywele, anakivisha kwenye meno mawili ya mbele ili kivute mwanya ufunge. Mwanya unafunga kweli, tena haraka. Jino limechongoka kuelekea juu, kwa hiyo raba inateleza, inapanda chini ya fizi ambako haionekani tena, inaendelea kupanda ikifuata mzizi na kula kile kinacholishikilia jino. Anadhani imedondoka usingizini. Wiki kadhaa baadaye meno mawili yaliyokuwa mazima yanacheza, na wapo waliokwisha kuyapoteza yote mawili. Kwa hiyo daktari anayemwambia mgonjwa "huna kitu, nenda nyumbani" hajamkinga na lolote.

Kinachotakiwa ni maswali, na hayachukui dakika kumi. Kama ni mtoto, mzazi aombwe asubiri nje kidogo. Kuna mambo kijana hatayasema mbele ya baba yake aliyelipa nauli. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu, kaa. Niambie, ni kitu gani hasa kinachokusumbua kwenye meno?"

"Hili hapa. Limegeuka."

"Nimeliona. Ukijumlisha siku nzima, tangu unaamka, muda gani unaupoteza ukilifikiria?"

"Sijui. Muda mwingi."

"Unazidi saa?"

"Saa ni ndogo, daktari."

"Kuna mahali umeacha kwenda kwa sababu yake?"

"Kanisani nimeacha kuimba. Kwaya inakaa mbele."

"Tukilinyoosha, nini kitabadilika?"

"Kila kitu."

Hilo jibu la mwisho ndilo la kuandika kwenye faili. Mteja wa kawaida anasema nitacheka vizuri, nitapiga picha, nitasafisha bila shida. Anayesema kila kitu amelibebesha jino mzigo ambao hakuna jino linaweza kuubeba. Daktari aongeze na la mwisho: umeshaonana na madaktari wangapi kwa ajili ya jambo hili, na walikwambia nini? Mtu akitaja wanne, na wote hawakuelewa, wa tano asijione mwerevu.

Halafu inakuja sehemu ngumu, ya kumwambia. Ukibishana naye kuhusu jino utashindwa, kwa sababu yeye amelitazama kwa maelfu ya saa na wewe kwa dakika tano. Ukimhakikishia kwamba liko zuri, umetia kuni kwenye ule mchezo wa kuuliza na kujibiwa. Na ukimwambia aende kwa daktari wa akili, kwa Kiswahili chetu umemtukana. Hospitali ya Mirembe pale Dodoma ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, imetibu watu kwa miongo mingi, na bado mtu akikwambia "nenda Mirembe" hajakupa rufaa. Kwa hiyo maneno yachaguliwe. "Mwanangu, jambo hili linakula muda wako na usingizi wako, nimelisikia. Nataka tuanze na hilo, tukisaidiana na mwenzangu ambaye kazi yake ni hiyo. Meno hayakimbii, tutayaangalia tena pamoja." Hakuna uongo hapo, wala hakuna aliyeitwa kichaa. Kinacholengwa ni mateso, na mateso mgonjwa anayakubali hata kama hakubaliani nawe kuhusu jino.

Tiba ipo, na hili watu wengi hawalijui. Ya kwanza ni ya mazungumzo, ile inayomfundisha mtu kuzikagua fikra zake na kumzoesha hatua kwa hatua kukaa bila kujitazama, bila kuziba mdomo, bila kuuliza, mpaka wasiwasi ushuke wenyewe. Ya pili ni dawa za kundi la fluoksetini, ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutolewa na daktari, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona, na inahitaji wiki 12 au zaidi kabla ya kuamua kama imefanya kazi. Mtu asiache wiki ya tatu akidai haimsaidii. Na ugonjwa wenyewe usichukuliwe kimzaha: katika wagonjwa waliofuatiliwa Marekani, karibu robo walikwisha kujaribu kujiua wakati fulani. Kijana akisema maisha hayana maana kwa sababu ya meno yake, usicheke. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wazazi sina mengi. Wenye pesa hulipa ili amani irudi nyumbani, wasio nazo hukemea: "Mungu amekuumba hivyo, wewe nani umkosoe?" Wote wawili wanajibu swali la meno. Kinachofaa kuulizwa na mama ni kwa nini mtoto hali tena na wenzake.

Pingamizi lenye nguvu dhidi ya hoja yangu linajulikana: wanasaikolojia na madaktari wa akili ni wachache, sasa utamtuma mtu kwa nani? Ni kweli, na mabingwa wa kupanga meno nao ni wachache, lakini kwa hao tumekubali kusafiri. Katika wilaya zetu, Sikonge, Kaliua, Uyui, anayeonwa kwanza ni tabibu wa meno, yule anayeng'oa na kuziba. Waya hafungi, ila barua anaandika yeye. Maswali niliyoyataja hayahitaji umeme wala kiti, na akiyauliza yeye, familia itajua kabla ya kukata tiketi kama safari yao ya kwanza ni ya kwenda kwa daktari wa meno au kwa mtu mwingine aliyeko hospitali ya mkoa.

Kwenye kliniki za binafsi kikwazo ni kingine, ni pesa. Kliniki nyingi huishi kwa malipo ya kuanzia, na uchunguzi wa kwanza hutolewa bure au kwa bei ya chini ili mteja aingie. Mpangilio huo unamwadhibu daktari kwa kila anayemkataa: ametumia nusu saa, ameandika barua, na hajapata kitu. Ningependa uchunguzi ulipiwe bei yake halali, peke yake, na malipo ya waya yasipokelewe siku ile ile. Zipite angalau wiki mbili, mgonjwa arudi, maswali yaulizwe tena. Mwenye haja ya kweli atakuwa amepoteza wiki mbili katika matibabu ya miaka miwili. Daktari naye atakuwa amelipwa kwa kufikiri, hata siku ambayo jibu lake ni hapana.